Kunakili Farasi Kampala

Miongoni mwa mazoezi apewayo mtu anayeanza kujifunza uchoraji wa rangi za mafuta, ni machache yaliyo makongwe kuliko la kunakili picha ya bingwa. Mwanafunzi huwekewa mbele yake picha iliyokwisha kukamilika, akaambiwa aitoe upya kwa mkono wake mwenyewe, mstari kwa mstari na rangi kwa rangi. Aghalabu picha ichaguliwayo ni ya shamba: mto, miti, nyumba ya mkulima, gari la kukokotwa, na farasi. Picha za namna hiyo zimechapwa kwa wingi katika kalenda na vitabu, hata zikafika mahali ambapo watu hawajapata kumwona farasi akipita barabarani. Iliyo mashuhuri miongoni mwake ni ile ya Mwingereza John Constable iitwayo The Hay Wain, maana yake gari la kubebea majani makavu. Aliimaliza mwaka 1821, na sasa imo katika nyumba ya picha ya National Gallery, London.

Zoezi hilo hutolewa Kampala pia, na likishafika Kampala huzua swali ambalo halizuki huko lilikotoka. Mtu atamnakili vipi mnyama asiyemjua? Na akishamnakili vizuri, atakuwa amejifunza kuchora, au atakuwa amejifunza kufuata? Swali hili si geni katika mji huu. Juu ya kilima cha Makerere, kwa muda wa miaka kama 20, wanafunzi wa sanaa hawakuruhusiwa kunakili picha za Ulaya. Kisha mambo yakageuzwa, na mabishano yaliyofuata yakawagawanya wachoraji wa Afrika ya Mashariki. Naona historia hiyo yafaa kusimuliwa katika kurasa hizi za walimu wa lugha, kwa kuwa sisi nasi kila siku tunawapa wanafunzi sentensi za kufuatisha, na ni mara chache tunajiuliza tunawafundisha nini hasa kwa kufanya hivyo.

Tuanze na farasi mwenyewe. Uganda haikuwa nchi ya farasi. Mbung'o waliokaa katika vichaka na kandokando ya maji walibeba vijidudu vya ugonjwa ambao farasi hauhimili. Daktari David Bruce aliuchunguza ugonjwa huo wa mifugo katika nchi ya Wazulu, akaonyesha mwaka 1895 kwamba mbung'o ndiye auenezaye. Na mwaka 1903 mtu huyohuyo alikuwa Entebbe, akithibitisha kwamba malale, yaliyokuwa yakiangamiza watu kando ya ziwa, huenezwa kwa njia hiyohiyo. Malale yaliua watu zaidi ya 200,000 katika nchi hizo za ziwani mwanzoni mwa karne ya 20. Katika nchi ya namna hiyo wanyama wa shamba walikuwa mbuzi, kondoo, na ng'ombe waliochungwa penye malisho yasiyo na mbung'o, wakiwamo wale wa Ankole wenye pembe ndefu za kustaajabisha. Punda wako Karamoja na sehemu za Sebei. Farasi walioko hata leo ni wachache, nao ni wa kupandwa kwa starehe na michezo.

Lakini neno la farasi lilifika mbali kuliko mnyama mwenyewe. Waganda humwita embalaasi, na kila mwalimu wa Kiswahili atalitambua neno letu humo ndani, nasi tulilipata kwa Waarabu. Pamoja na farasi yalikuja matandiko yake: hatamu, lijamu, kikuku. Ni ajabu kidogo, ukifikiri, kwamba katika miaka ya 1970 na 1980 wananchi wa Tanzania walizoea kusikia kila siku kwamba chama kimeshika hatamu, na wengi wao hawakuwa wamepata kugusa hatamu ya kweli hata mara moja. Walielewa sawasawa. Lugha iliweza kumchukua farasi bila ya kumleta. Je, brashi yaweza?

Kabla ya kujibu, haifai kulidharau zoezi lenyewe, maana lina mafunzo ambayo maneno hayawezi kuyatoa. Anayenakili picha ya mafuta kwanza huigawanya kwa miraba, kisha huchora miraba mingine kama hiyo juu ya turubai lake lililopakwa rangi nyeupe ya msingi. Hapo hugundua jambo la kwanza: kwamba jicho lake limezoea kudanganya. Alidhani mti ule ni mkubwa kuliko nyumba, na miraba yamwambia sivyo. Alidhani mbingu imechukua robo ya picha, kumbe imechukua karibu nusu. Halafu hupaka tabaka la kwanza kwa rangi ya udongo iliyolainishwa kwa tapentaini, akiweka tu mahali pa giza na mahali pa mwanga. Juu ya tabaka hilo huja rangi zenye mafuta ya kitani. Mafuta haya hayakauki kama maji yanavyokauka kwa kupotelea hewani. Yenyewe hula hewa na kugeuka utando mgumu, na jambo hilo huchukua siku nyingi. Ndiyo maana tabaka la juu halina budi kuwa na mafuta mengi kuliko la chini. Ukigeuza, la juu hukauka kwanza, la chini likiwa bado linajongea, na baada ya miaka michache picha hupasuka kama tope la bwawa wakati wa kiangazi.

Haya yote yanaweza kuandikwa ubaoni katika nusu saa. Mkono huyashika baada ya miezi. Na yako mengine ambayo hayaandikiki kabisa. Katika The Hay Wain farasi wamevalishwa matandiko yenye wekundu, madoa machache tu katikati ya picha iliyojaa kijani. Anayenakili anaweza kuufunika wekundu huo kwa kidole. Papo hapo kijani chote hupoa na kuonekana kimelala. Akiondoa kidole, miti huamka. Mtu aliyekwisha kuona jambo hilo kwa macho yake hahitaji kukaririshwa nadharia ya rangi, na akichora kesho migomba ya Masaka, ambayo ni kijani juu ya kijani, atajua kutafuta kanga moja nyekundu ya kuianika uani.

Basi ilikuwaje zoezi lenye faida hiyo likakatazwa Makerere?

Aliyelikataza alikuwa mwalimu hodari. Bibi Margaret Trowell alizaliwa London mwaka 1904, akasoma uchoraji katika chuo cha Slade, kisha akasomea ualimu katika mji huohuo. Mwaka 1929 alifika Kenya pamoja na mumewe, Daktari Hugh Trowell, wakakaa katika nchi ya Wakamba; mwaka 1935 wakahamia Kampala, ambako daktari alifanya kazi Mulago. Mwaka 1937 Bibi Trowell alianza kuwafundisha vijana wachache barazani kwake. Darasa hilo la barazani ndilo lililokua likawa shule ya sanaa ya Makerere, ambayo hadi leo ina jina lake. Mwaka 1938 kazi za wanafunzi zilionyeshwa Namirembe, na mwaka 1939 zikapelekwa London kuonyeshwa katika jumba la Imperial Institute. Ilikuwa miaka miwili tu tangu darasa lianze.

Njia yake ya kufundisha itawapendeza walimu wa insha. Hakuwawekea wanafunzi picha ya kutazama. Aliwasimulia. Aliwaeleza kwa maneno kijiji wakati wa usiku, au sokoni, au kisa kutoka katika Biblia, akawaacha waone kwa macho ya moyoni kisha wachore walichokiona. Kwa imani yake, kijana wa Kiafrika alikuwa na hazina yake mwenyewe ya kuona, nayo ingeharibika kama angewekewa mapema picha za Ulaya za kuiga. Kwa hiyo alizikataa. Alikusanya pia vikapu, vyungu, ngoma na nguo za magome, akawa mtunzaji wa jumba la makumbusho la Uganda katika miaka ya vita, na mwaka 1953 alitoa pamoja na K. P. Wachsmann kitabu kikubwa juu ya ufundi wa makabila ya Uganda. Huyu hakuwa mtu wa kudharau vitu vya watu. Waliokuwa wakiidharau sanaa ya Afrika wakati ule walikuwa wengi, naye aliwapinga kwa kazi ya mikono yake.

Hata hivyo liko jambo ambalo haliniachi kila niisomapo historia hii. Njia ile ya kusimulia ili wanafunzi wachore kutoka moyoni Bibi Trowell hakuipata Buganda wala Ukambani. Aliifunzwa London na Marion Richardson, ambaye alikuwa ameianza katika shule ya wasichana mjini Dudley, Uingereza. Na kabla ya hapo yeye mwenyewe alikuwa amepitia Slade, chini ya Henry Tonks, mwalimu aliyesifika kwa ukali katika kusahihisha michoro. Yaani yeye aliruhusiwa kuiona nyumba nzima, akaamua baadaye vyumba gani wanafunzi wake wasiingie. Alifanya hivyo kwa mapenzi, sina shaka. Lakini mlinzi wa mlango naye ni mwenye amri, hata akiwa mpole, na kijana wa Kampala aliyetaka kujua Constable aliwezaje kuyafanya maji yang'ae alikuwa na haki ya kuonyeshwa. Hata katazo la kuiga Ulaya lilitoka Ulaya.

Hapa nitaweka kando neno moja juu ya kilima hichohicho. Mwaka 1952 Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki ilihamia Makerere, ikakaa huko takribani miaka 10 kabla ya kwenda Mombasa na hatimaye kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili Dar es Salaam. Wasomaji wanajua kazi yake: kusanifisha lugha, na kukitia ithibati kitabu cha shule kilichofuata Kiswahili Sanifu. Basi katika miaka hiyo, upande mmoja wa kilima kijana aliambiwa asifuate kielelezo cha mtu, na upande wa pili mwandishi aliambiwa asipofuata kielelezo kitabu chake hakitapata ithibati. Sijui kama watu wa pande hizo mbili walipata kunywa chai pamoja na kulizungumza jambo hilo. Wangekuwa na mengi.

Kuhusu mavuno ya Bibi Trowell, hayakuwa haba. Gregory Maloba, kutoka Kenya, mmoja wa wanafunzi wake wa mwanzo, akawa mchongaji na mwalimu wa shule hiyohiyo. Mnara wa Uhuru uliopo katikati ya Kampala, wenye mfano wa mama anayemwinua mtoto, ni kazi yake ya mwaka 1962. Sam Ntiro alitoka Uchaga, akafika Makerere katika miaka ya vita, karibu na wakati ambapo Julius Nyerere naye alikuwa akisoma hapo. Ntiro alichora kijiji: watu wanaolima, wanaojenga, wanaochanja kuni, watu wadogowadogo wengi pamoja chini ya mlima. Katika miaka ya 1950 alikwenda Slade, chuo kilekile cha mwalimu wake. Wengi wangetazamia kwamba angerudi amebadilika. Alirudi akichora kijiji kilekile kwa namna ileile, na wako waliomlaumu kwamba hakujifunza kitu. Mimi naona lawama hiyo ni nyepesi. Mtu aliyekaa penye picha zote zile akachagua kubaki na mkono wake si sawa na mtu asiyewahi kuonyeshwa. Huyu wa kwanza amechagua. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaompelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku, imo katika jumba la Museum of Modern Art, New York. Mwenyewe baadaye alikuwa balozi wa kwanza wa Tanganyika huko Uingereza, na kisha mwalimu Dar es Salaam.

Wa tatu ni Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu mwaka 1932, ambaye katika miaka ya 1950 alichora maisha ya Yesu katika kuta za kanisa la ukumbusho la Murang'a, na kuyaweka yote katika vilima na migomba ya nchi ya Wakikuyu. Njau ndiye aliyelichukua katazo la mwalimu wake akalifanya kuwa imani. Alizoea kusema kwamba kunakili humlaza Mungu usingizi. Mwaka 1965 alikuwa miongoni mwa walioanzisha Nairobi nyumba ya sanaa iliyoitwa Paa ya Paa, kwa maana ya kwamba paa, yule mnyama, anapaa. Mwalimu wa sarufi hatakosa kuuliza kwa nini haikuwa Paa Apaa, kwa kuwa wanyama katika Sanifu hufuata upatanisho wa watu. Lakini sikio linaikubali ile ya kwanza, na labda ndiyo njia ya msanii ya kukataa kunakili hata kanuni zetu. Mwaka 1997 moto uliiteketeza sehemu kubwa ya nyumba hiyo pamoja na kazi nyingi zilizokuwamo, ikajengwa tena.

Bibi Trowell aliondoka mwaka 1958. Aliyeshika nafasi yake, Cecil Todd, alikuwa amefundisha Afrika Kusini, na mawazo yake yalikuwa kinyume. Aliona kwamba kuwaficha wanafunzi sanaa ya dunia ni kuwanyima elimu ambayo chuo chochote kingine kingewapa. Akaleta historia ya sanaa ya Ulaya na ya kwingineko, nadharia ya rangi iliyofundishwa kama sayansi, na uchambuzi wa picha za mabingwa sehemu kwa sehemu. Baadhi ya waliofunzwa na mtangulizi wake hawakupendezwa, wakaona mlango uliofungwa kwa hekima umefunguliwa kwa pupa. Lakini kati ya waliopita mikononi mwake yumo Theresa Musoke, na yeyote aliyeziona picha zake za wanyamapori wakiwa mbioni, wakijichanganya na vumbi na majani hata hujui mnyama anaishia wapi, hatasema kwamba historia ya sanaa ya Ulaya ilimfumba macho.

Nikipima pande hizo mbili, naona zote zilitumia neno moja kwa mambo matatu. Kiswahili kinatusaidia hapa, maana kinayatenga. Kufuatisha ni kazi ya mtoto anayepitisha kalamu juu ya herufi za mwalimu. Kunakili ni kuitoa nakala iliyo sawa na asili, nayo ni kazi yenye heshima: tenzi zetu nyingi tunazo kwa sababu watu walikaa wakazinakili. Muhammad bin Abubakar Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alinakili tenzi kwa hati iliyo nzuri kuliko chapa ya mashine, naye mtu huyohuyo alichonga mbao na kutunga mashairi yake mwenyewe. Kunakili hakukumlaza. Kuiga nako ni kuchukua mwenendo wa mtu, na humo ndimo mnamo hatari, kwa kuwa mtu huweza kuiga bila ya kujua kwamba anaiga.

Farasi wenyewe ni ushahidi. Kwa miaka mingi wachoraji wa Ulaya, watu waliowaona farasi kila siku ya maisha yao, waliwachora wakiwa mbioni miguu yote minne imenyooshwa, ya mbele mbele na ya nyuma nyuma, kama paka anayeruka. Picha ya mashindano ya Epsom aliyoichora Mfaransa Géricault, mwaka uleule wa 1821, iko hivyo. Mwaka 1878, huko California, Eadweard Muybridge alipanga kamera nyingi kwa safu, akampiga picha farasi akipita mbele yake kwa kasi. Ikaonekana kwamba farasi huiacha ardhi wakati miguu imekunjwa chini ya tumbo, na wala hainyooki vile kamwe. Wachoraji hawakuwa wamemtazama farasi. Walikuwa wametazamana wao kwa wao. George Stubbs, Mwingereza wa karne ya 18, alikuwa amefanya kazi ngumu zaidi: alijifungia karibu mwaka mmoja na nusu katika nyumba ya shamba, akichuna mizoga ya farasi tabaka baada ya tabaka, akichora kila mshipa, na mwaka 1766 akatoa kitabu cha maumbile ya farasi. Harufu ya nyumba hiyo haielezeki.

Na Constable je, ambaye picha yake ndiyo inayonakiliwa? Yeye naye alijifunza kwa kunakili. Alinakili picha za Claude Lorrain, Mfaransa aliyechora mashamba ya Italia yenye magofu na mwanga wa dhahabu, na alikuwa akimnakili hata mwaka 1823, alipokuwa amekwisha kuwa bingwa. Lakini mahali panapoonekana katika The Hay Wain si Italia. Ni kivuko cha maji karibu na kinu cha baba yake, Flatford, katika mkoa wa Suffolk. Alichukua kwa Claude namna ya kuipanga mbingu na miti, akaenda nayo nyumbani kwao. Vincent van Gogh alifanya zaidi ya hapo. Katika miezi ya mwaka 1889 na 1890, akiwa amelazwa hospitalini Saint-Rémy, alichora picha kadhaa za wakulima kwa kufuata chapa nyeusi na nyeupe za kazi za Millet. Rangi hazikuwamo katika chapa zile. Alizitia mwenyewe, buluu na manjano za kwake. Hiyo nakala ni ya namna gani? Mimi ningeiita tafsiri. Nyerere alipoitoa Julius Caesar kwa Kiswahili mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, hakuna aliyesema kwamba amemwiga Shakespeare.

Miaka ya 1970 iliingilia mabishano ya Makerere kwa njia ambayo hakuna upande uliyoitaka. Chini ya Idi Amin walimu wengi waliondoka, wa kigeni na wa Uganda pia; Theresa Musoke mwenyewe alikwenda kukaa Kenya kwa miaka mingi. Baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972 maduka yalikauka, na rangi za mafuta na turubai, vitu vya kuagizwa ng'ambo, vikawa adimu. Waliobaki walitumia walichokipata. Nguo ya gome la mutuba, ambayo Waganda waliitengeneza kwa kuponda gome kwa nyundo za mti kwa vizazi vingi, na ambayo UNESCO iliutangaza ufundi wake kuwa urithi wa wanadamu mwaka 2005, ilipata kwa wasanii kazi nyingine: kupakwa rangi na kuning'inizwa ukutani. Gome lina wekundu wake tayari. Mchoraji huanzia pale ambapo mwenzake mwenye turubai jeupe angefika baada ya tabaka mbili.

Siku hizi rangi za mafuta zapatikana tena Kampala kwa mwenye fedha, na zoezi la kunakili limerudi pamoja nazo. Hivi karibuni nilikaribishwa kutazama darasa dogo la jioni ambalo wanafunzi wake, watu wazima wenye kazi zao, walikuwa wakimalizia nakala za The Hay Wain. Zilikuwa nakala nzuri. Kisha mwalimu wao akawapa amri ambayo sikuitazamia: watoeni farasi majini, muwasimamishe ukingoni. Katika picha ya Constable farasi wamesimama ndani ya maji, na kwato zao hazionekani. Darasa likanyamaza. Walipochora, zaidi ya nusu yao waliwapa farasi kwato zilizopasuka katikati kama za ng'ombe, na mmoja aliwapa nyonga zilizochongoka za ng'ombe wa Ankole. Mwalimu hakuwacheka, wala hakuwatolea picha nyingine ya kunakili. Aliwaambia kwamba somo la Jumamosi litafanyika Entebbe, katika bustani ya wanyama, mbele ya pundamilia, ambaye ni wa ukoo mmoja na farasi, na ambaye kwato yake ni moja, mzima, kama ya farasi. Mwalimu wa lugha anaijua amri hiyo. Ni sawa na kumwambia aliyekariri sentensi kwamba sasa aigeuze iwe ya wakati uliopita.

Nilirudi kuwatazama baada ya majuma mawili. Mwanafunzi mmoja alikuwa amekwisha kuwafuta farasi wote watatu na kuweka mahali pao ng'ombe wenye pembe ndefu, wakilikokota gari. Bibi mmoja atokaye Soroti akamwambia kwamba hajapata kuona ng'ombe wa Ankole akikokota kitu, na kwamba kama anataka wanyama wa kukokota awatie maksai wa Teso, ambao wamekuwa wakilima kwa plau tangu siku za babu yake. Wakakubaliana juu ya maksai. Nilipoaga walikuwa wakibishana juu ya nira: ni fahali wawili au wanne, na mti wa nira hupita mbele ya nundu au nyuma yake.